Sentensi Iliyotupita

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alitangaza kifo cha Rais John Magufuli, aliyekuwa na umri wa miaka 61. Huku Kolwezi, Kongo, habari haikukawia. Shaba na kobalti yetu hupita barabarani hadi bandari ya Dar es Salaam, na madereva hawafichi neno. Tukabishana siku nyingi: ni korona, si korona. Katika ubishi ule, sentensi moja ya tangazo ilitupita, nami nikiwa wa kwanza: kwamba marehemu alikuwa na tatizo la mfumo wa umeme wa moyo kwa zaidi ya miaka 10.

Miaka 10! Na mwaka 2015, kwenye kampeni, tulimwona akipiga pushapu jukwaani.

Basi nguvu za mwili si ushahidi wa moyo mzima. Mchimbaji wa mtaa wetu wa Kasulo hupanda kutoka shimoni moyo ukimdunda ovyo, akasema ni uchovu. Mama muuza samaki hushikwa na kizunguzungu na pumzi kukatika, akasema ni mawazo. Mimi nililaumu kahawa. Kisha moyo hutulia wenyewe, na kutulia huko ndiko kunakotudanganya.

Moyo ukikosa mpangilio kwa tatizo kama lile la marehemu, vyumba vyake vya juu havisukumi, vinatetemeka tu. Damu hutuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likaziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Tangazo lile halikutaja kiharusi, lakini mwenye tatizo hili hatari yake ya kukipata ni kama mara tano ya mwingine. Presha na umri huongeza. Hata vijana wamo, hasa ambao vali za moyo ziliharibika kwa homa ya baridi yabisi, ile inayoanzia kwenye koo la mtoto lisilotibiwa.

Ndugu yangu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, usikilize dakika nzima. Mapigo yakirukaruka bila utaratibu, kaombe kipimo cha umeme wa moyo. Usijitibu kwa aspirini. Haitoshi kuzuia mabonge haya. Ukiandikiwa warfarini, nenda upimwe damu kila ulivyopangiwa, wala usiiache kwa sababu umejisikia vizuri.

Na mdomo ukipinda, mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, hata kama yataisha baada ya dakika chache, usingoje kupambazuke. Gonga mlango wa jirani mwenye gari.