Mgeni Akifika Bukoto

Yeyote aliyejaaliwa maskani Bukoto, mtaa ulio kaskazini-mashariki mwa jiji la Kampala baina ya Kamwokya na Ntinda, hana budi siku moja kupokea mgeni atakayetaka kutembezwa na kulishwa. Nami huona uchungu niwaonapo wenyeji wenzangu, watu wema wasio na ubakhili hata chembe, wakimtia mgeni wao garini na kumpeleka kwenye kilabu chenye bwawa la kuogelea, na jioni kwenye mkahawa wenye kiyoyozi, kisha wakamsindikiza Entebbe wakidhani wametimiza wajibu. Fedha wametoa, na nyingi, walakini wakati hawakutoa, na aghalabu mgeni alichotamani kwetu ni huo wakati.

Rai yangu ni kwamba aamshwe mapema, kabla jua halijawa kali, atembezwe kwa miguu kupitia Kisaasi hadi kilima cha Kikaaya, palipo hekalu la Wabahai lililofunguliwa Januari 1961, la kwanza la dini hiyo katika bara la Afrika, lenye pande tisa na kuba refu, limezungukwa na bustani ya nyasi na miti ambamo hukaribishwa kila mtu wa kila imani. Mimi ni Muislamu, na chini ya miti ile nimepata utulivu nisioupata mahali pengine katika jiji hili lenye zahama ya bodaboda tangu alfajiri hadi usiku. Mkae hapo, mzungumze, wala msiitazame saa.

Siku nyingine ni zamu ya Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la sasa mwaka 1954; na uani mwake zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali.

Ama chakula, hapo ndipo penye neno. Asubuhi mgeni asimame kando ya barabara mbele ya sigiri la mpishi wa chapati, ashuhudie mayai yakivunjwa kikombeni, yakikorogwa pamoja na vitunguu, nyanya na kabichi, yakimiminwa juu ya chuma cha moto na kulaliwa na chapati, kisha vyote vikiviringishwa pamoja, nayo ndiyo rolex, ambayo mwanafunzi na fundi seremala huila wamesimama bega kwa bega. Mchana apewe luwombo, mchuzi wa kuku au wa uyoga, au wa karanga zilizosagwa na samaki wa moshi, uliofungwa katika jani changa la mgomba lililopitishwa motoni likalegea, ukaivishwa kwa mvuke taratibu pamoja na matoke. Yasimuliwa kwamba upishi huu ulibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga. Jani lifunguliwe mbele yake, maana harufu ile ya kwanza ni sehemu ya karamu. Kama ni Muislamu, mwenyeji aulize mapema habari ya uchinjaji, asimwachie mgeni aibu ya kuuliza.

Wala asihofu lugha mgeni atokaye Mombasa au Tanga. Jirani yetu Naguru, katika nyumba za wafanyakazi waliotoka kila upande, zilizobomolewa mwaka 2011, Kiswahili kiliwaunganisha watu miaka mingi kabla Baraza la Mawaziri halijaidhinisha, mwaka 2022, kiwe lugha rasmi.

Ikiwa amesadifu kuja Novemba, msimu wa nsenene, panzi wale wa kijani wanaokaangwa kwa kitunguu na chumvi kidogo, asilazimishwe kuwala; lakini bakuli liwekwe mezani pale alipo, wala lisifichwe jikoni kwa kuona haya, tukila mbele yake kwa raha kama tulavyo siku zote.