Umefunga nini mkononi?



Jioni Morogoro mjini, joto likipungua na wingu likitua juu ya Lupanga, vijana wanaelekea viwanja vya kikapu. Ukiwaangalia wakijiandaa, karibu kila mmoja ana kitu mkononi. Huyu ana rozari ya kumi moja, ya shanga. Yule ana bangili nyekundu, na ukimuuliza atakwambia yeye ni Simba damu. Mwingine ana kitambaa cha taulo cha kufutia jasho. Na kuna yule mwenye kauzi keusi kalikofungwa vizuri chini ya kitambaa, ambaye hapendi kuulizwa.

Basi, nivae kipi nikicheza? Swali linaonekana dogo, lakini nyuma yake kuna lingine kubwa: nikishikwa na hofu, namtegemea nani?

Waliokufa na kitu chini ya nguo

Fungua Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kuanzia aya ya 39. Yuda Makabayo na watu wake wamekwenda kuzika wenzao waliouawa vitani. Chini ya nguo za marehemu wanakuta vitu vilivyowekwa wakfu kwa sanamu za Yamnia. Tafakari hapo. Hawa hawakuwa maadui wa Mungu. Walikuwa upande wa Yuda, wanapigania imani ya baba zao, na bila shaka walisali pamoja na wenzao kabla ya vita. Lakini chini ya nguo walikuwa na kingine, wakisema moyoni: huenda Mungu asitoshe.

Sisi je? Kwenye michezo hapa kwetu kuna msemo "kamati ya ufundi", na sote tunajua kwamba hatuzungumzii makocha. Tunacheka, lakini kuna kijana anayekomunika Jumapili asubuhi na jioni anaingia uwanjani na kitu alichopewa na mganga. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, haizunguki: kuvaa hirizi ni kosa.

Rozari nayo inaweza kugeuzwa hirizi

Sasa usianze kumnyooshea kidole mwenye kauzi keusi. Namba 2111 ya Katekisimu hiyohiyo inamgusa hata mwenye rozari. Inatufundisha kwamba mtu akidhani nguvu ya sala au ya ishara takatifu iko katika tendo la nje peke yake, bila moyo kuhusika, ameshaingia kwenye ushirikina. Yaani unaweza kuvaa rozari iliyobarikiwa na padre na bado ukaivaa kipagani.

Utajuaje? Jiulize: nikiisahau nyumbani, natetemeka? Tukifungwa, naitupia lawama? Naivaa kila siku lakini mara ya mwisho kuisali siikumbuki?

Tazama milima yetu. Maji mengi yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka mto Ruvu, na Ruvu unaanzia huku Uluguru. Mtu wa Dar akifungua bomba anapata maji, lakini hakuna mwenye akili anayedhani bomba ndilo linalotengeneza maji. Likikatwa kutoka kwenye chanzo, linabaki chuma tu. Visakramenti viko hivyo: rozari, skapulari, medali. Vinatuandaa kupokea neema kwa njia ya sala ya Kanisa. Chemchemi ni Kristo.

Kuna tofauti nyingine rahisi kuiona. Rozari hubarikiwa hadharani, mbele ya watu, bila masharti ya ajabu. Hirizi huja na siri: usimwambie mtu, usivuke mto nayo, usimpe mkono fulani kabla ya mechi. Kitu kinachokuongezea hofu na kukufundisha kuficha hakijatoka kwa Baba.

Sheria ya mchezo nayo ina somo

Labda unasema, "Mimi rozari yangu naisali kweli, kwa hiyo nitaivaa uwanjani." Subiri kidogo. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA) haziruhusu mchezaji kuvaa vito wala kitu kinachoweza kumuumiza mwenzake. Mkanda wa mkononi unaoruhusiwa ni wa kitambaa, upana usiozidi sentimita 10, na wachezaji wa timu moja wanaouvaa wanatakiwa wawe na rangi moja.

Sababu unaijua. Mnaruka watu wanne kugombea mpira, mikono iko juu, shanga au msalaba wa chuma unapita kwenye jicho la mtu. Au uzi unakatika, shanga zinatawanyika kwenye sakafu ya saruji, na mwenzako anateleza. Sasa niambie, Mama Maria anaheshimiwa vipi na jicho lililochanika?

Kwa hiyo kuivua rozari kabla ya mechi si kuona aibu kwa imani. Ukiivua kwa ajili ya usalama wa mpinzani wako, umeishi amri ya upendo kabla filimbi haijapulizwa. Ibusu, iweke kwenye begi, vaa kitambaa cha jasho. Na kama hamna hela za kununua, kateni sehemu ya juu ya soksi kuukuu za rangi moja, muoshe, mvae wote. Chagueni kile ambacho hata asiye na kitu kwenye timu anaweza kukipata, ili asijione mgeni kati yenu.

Katika Mathayo 23:5 Yesu anawakemea waliopanua vile walivyojifunga ili watu wawaone. Amri katika Kumbukumbu la Torati 6:8, ya kufunga maneno ya Mungu mkononi, ilikuwa na lengo moja: mkono utende kile moyo unachoamini. Basi mkono wako ukimwinua mpinzani aliyeanguka, umevaa Neno. Ukimpiga kiwiko refa akiwa haoni, hata uvae rozari tano, mkono uko mtupu.

Na kama aliyekupa ni mjomba?

Hapa ndipo pagumu. Kwa Waluguru, ambao ukoo unafuata upande wa mama, mjomba si mtu mdogo. Anaweza kukuita kabla ya mashindano ya UMISSETA na kukupa kitu cha kufunga mkononi, kwa nia njema kabisa, kwa sababu anakupenda. Usimtukane. Usimhubirie kwa sauti mbele ya watu. Msalimie, kaa chini, mwambie: "Mjomba, nashukuru kwa kunijali. Hii sitaivaa, maana nimebatizwa. Lakini niwekee mkono kichwani uniombee." Huenda akakasirika. Vumilia. Heshima haimaanishi kukubali kila kitu, na ujasiri hauhitaji dharau.

Mfano tunao. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Turin, Italia, alikuwa kijana wa michezo na mpanda milima. Alifariki tarehe 4 Julai 1925 akiwa na miaka 24 tu. Siku ya mazishi yake maskini aliowasaidia kimyakimya walijaa mitaani, na familia yake ikashangaa. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alitambulika kwa kile mikono yake ilichokuwa ikitoa.

Azimio la wiki

Kama una kitu ulichopewa kwa siri, kipeleke kwa padre wako na ufanye maungamo. Usiogope, ameshasikia mengi. Kama una rozari ya mkononi, sali kumi moja kabla ya mechi, kisha uivue. Na mkifungwa, nendeni mkawape mkono walioshinda.

Tusali: Bwana Yesu, nabii Isaya anatufundisha kwamba Mungu ametuchora katika viganja vyake, na viganja vyako vilitobolewa msalabani kwa ajili yetu. Tuondolee hofu inayotupeleka kwa waganga. Ibariki mikono yetu, icheze kwa haki na ihudumie kwa upendo. Amina.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.