Kura 107 kwa 107

Mwaka 2008 mchujo wa urais ulikigawa chama cha Democratic nchini Marekani kati ya Barack Obama na Hillary Clinton. Katika mji mdogo wa Unity, jimbo la New Hampshire, kila mmoja alipata kura 107. Clinton aliposhindwa katika mchujo kwa jumla, wawili hao walisimama pamoja mjini humo mwezi Juni kuwaomba wafuasi waungane. Baadaye Obama alimteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Nawe unapowapima wagombea wa chama chako, uliza: nani ana kazi inayoonekana? Nani atakubali kushindwa? Chagua kwa dhamiri, ila usimtukane jirani aliyechagua mwingine. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.