Makimbilio na Uhuru wa Kusamehe

Nyumba salama ni makazi ya muda anamopokewa mtu aliyekimbia kipigo nyumbani, mara nyingi mama na wanawe, hadi apate pa kuishi bila hofu. Swali linalozuka juu yake misikitini, makanisani na katika vikao vya ukoo ni hili: anayemhifadhi mke aliyekimbia anaokoa mtu au anavunja ndoa?

Usukumani, makimbilio ya asili ni kwa baba. Hata hivyo, kwa mila, mke akiondoka moja kwa moja, ng'ombe wa mahari hudaiwa. Wakiwa wameshatumika kumwoza kaka yake, baba hana cha kurudisha. Binti hukaa siku mbili tatu, husihiwa avumilie, kisha husindikizwa kwa mumewe. Isaka, mkoani Shinyanga, penye bandari kavu na malori ya Rwanda na Burundi, wapo wakazi wengi waliotoka mbali. Mke wa mgeni, ambaye chumba cha kupanga kinalipiwa na mumewe, akitoka usiku na mtoto mgongoni hana hata mlango huo wa baba.

Maandiko yanaitazama hifadhi kwa namna yake. Kitabu cha Yoshua kinataja miji 6 ya makimbilio kwa aliyeua bila kukusudia, asiuawe na mlipa kisasi kabla ya kusimama mbele ya mkutano. Surat At-Talaq inakataza mtalaka aliye edani, yaani katika muda wa kungoja baada ya talaka, kutolewa nyumbani au kutaabishwa. Kote huko hifadhi haimpi yeyote ushindi. Inazuia nguvu zisitangulie hukumu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inafuata njia hiyo. Kifungu cha 66 kinakana haki ya kumpiga mwenzi, hata kama mila inaruhusu. Cha 101 kwa kawaida kinataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka. Lakini suluhu inahitaji pande mbili zinazoweza kukataa. Asiye na pa kulala akisema amesamehe, hajulikani kama amesamehe au ameshindwa. Kwa hiyo nyumba salama haiipingi suluhu; inaipa maana.

Eda huisha, na mkimbizi wa Yoshua alirudi kwao kuhani mkuu alipofariki. Nyumba salama nayo ina kikomo, na baada yake lazima pawe na paa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Fungu analopata mke kwa mchango huo ndilo linaloweza kulipa kodi ya chumba au kununua kiwanja.