Haki ya Kukanusha

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na yakawapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo yana zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Hawa ni watu waliokwisha kuulizwa sana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mbarara, wasomi kutoka Ulaya, maofisa wa mashirika, kila mmoja huja na dodoso lake, na majibu huondoka kuelekea Mbarara, Kampala na ng'ambo. Je, anayejibu ni mjuzi, au ni malighafi ya ujuzi wa mwingine? Ninashikilia kwamba elimu juu ya watu wasio na njia ya kuikanusha ni dhaifu kama elimu, hata kabla hatujauliza kama ni ya haki.

Tuanze na hali ya mwenye kujibu. Mwezi Julai 2010 Wanyarwanda wa Nakivale na wa makazi mengine ya Kyaka waliitwa wakusanyike, baadhi yao wakitarajia chakula, wengine majibu ya maombi yao ya hifadhi. Walizingirwa na watu wenye silaha, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda, watu wapatao 1,700. Kisha Julai 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, Mpango wa Chakula Duniani uliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya unyonge wa kila kaya, na wale walioonekana kujimudu wakaondolewa kwenye mgao. Mama aliyeyaona hayo akiulizwa ana mbuzi wangapi, anajua kwamba jibu lake linaweza kufika kwenye sahani ya watoto wake. Atapima maneno. Mtafiti akigundua hivyo huandika kuwa majibu ya wakimbizi yana upungufu, na mara chache huandika kuwa upungufu huo umeumbwa na mamlaka yaliyomzunguka yeye na dodoso lake. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007, aliita dhuluma kitendo cha kumpunguzia mtu imani kama msemaji kwa sababu ya alivyo. Nakivale dhuluma hiyo inavuka mtu mmoja, kwa kuwa inaingia kwenye takwimu na kutoka ikiitwa ukweli.

Kuna kazi njema, na ni lazima zitajwe. Mwaka 2014 Alexander Betts na wenzake wa Oxford walitoa ripoti juu ya uchumi wa wakimbizi wa Nakivale, Kyangwali na Kampala. Waliwashirikisha wakimbizi wenyewe katika kukusanya taarifa, wakaonyesha kuwa watu hawa hununua, huuza na kuajiri, na hawakai tu kusubiri mgao. Ilikuwa habari ya heshima. Lakini habari hiyo hiyo inaweza kutetea uhuru wa kufanya kazi, na inaweza pia kutetea kupunguzwa kwa chakula. Walioijenga kwa majibu yao hawana kiti pale inapoamuliwa itumike vipi. Kumwajiri mkimbizi abebe dodoso ni hatua; kumwacha atunge swali, na baadaye aseme hitimisho limepotoka, ni hatua nyingine ambayo bado ni adimu.

Atasema mtu: ukweli hautegemei nani anausema, namba ni namba. Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini mwaka 2018 wakimbizi wa Uganda walipohakikiwa kwa alama za vidole na macho, hesabu rasmi ilishuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Namba ilikuwa imebebwa na muhuri, na muhuri haukuifanya kuwa kweli. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtafiti wa nje huweza kusema asichothubutu mkimbizi mwenyewe. Barbara Harrell-Bond na Guglielmo Verdirame walifichua uvunjaji wa haki za wakimbizi Kenya na Uganda katika kitabu chao cha 2005, na sidhani mkimbizi angeyachapisha yale akabaki salama. Sitaki mtafiti wa nje afukuzwe. Wala mkimbizi hana ukweli mtupu: makazini nako kuna viongozi wanaosikika na wajane wasiosikika, na kuna mataifa yanayotiliana shaka. Hiyo ndiyo sababu nadai haki ya kukanusha kwa wote, badala ya kumkabidhi msemaji mmoja ufunguo.

Kisha kuna suala la kuficha majina, ambalo kamati za maadili hulisimamia kwa nia safi. Baada ya 2010 nani atalipinga? Hata hivyo wanazuoni wa hadithi za Mtume, ambao Wasomali na Waislamu wengine wa Nakivale wanaurithi utaratibu wao, waliona tangu zamani kwamba habari huja na isnadi: nani alipokea kutoka kwa nani, na kila mpokezi alikuwa mtu wa namna gani. Ripoti ya kisasa humpima hivyo mwandishi peke yake. Msimulizi wake hubaki "mhojiwa namba 14", asiyeweza kusifiwa wala kujitetea. Jina linaweza kufichwa na sauti ikabaki. Matokeo yanaweza kusomwa kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali katika kanda za Nakivale za Juru, Rubondo na Base Camp kabla ya kuchapishwa, na pingamizi za wasikilizaji zikachapwa ndani ya ripoti yenyewe, bila majina, hata pale mtafiti asipozikubali. Itachelewesha tasnifu, itagharimu wakalimani, na baadhi ya hitimisho zitaanguka mbele ya watu waliozungumziwa. Kamati inayopitisha utafiti Mbarara ina uwezo wa kulifanya hilo kuwa sharti la kibali, kama inavyodai leo saini ya ridhaa.