Kilo 20 za Kichwani

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Hapa Tunduma, siku bomba lisipotoa maji, msichana huibeba kichwani juu ya ngata, na hakuna anayemwonya kuhusu homoni. Mama anayevusha mizigo kwenda Nakonde haambiwi kwamba ataota mabega ya kiume. Lakini binti huyohuyo akinyanyua chuma cha kilo 10 kwa hiari yake, ataambiwa: angalia, utakuwa jikedume.

Wanaomtetea hukimbilia sayansi, na wanachosema ni kweli. Wanawake wengi wana testosteroni isiyofika nanomoli 2 kwa lita moja ya damu. Wanaume wazima wana kama 8 hadi 30. Mazoezi ya vyuma huipandisha kwa muda mfupi tu, kisha hushuka. Kwa wanawake mara nyingi haipandi kabisa. Msuli hukua hasa kwa sababu nyuzi zake zimekazwa na mzigo, kisha zikapata chakula na usingizi. Sauti nzito na ndevu ni habari ya dawa za steroidi, si ya chuma. Kwa hiyo, dada, usiogope.

Lisikilize tena jibu hilo. Linamwambia binti: nyanyua, maana umbo lako halitatuudhi. Ni ruhusa yenye sharti. Je, kama umbo lingebadilika kweli, ruhusa ingefutwa?

Wapo wanawake ambao miili yao hutengeneza testosteroni nyingi kwa asili, bila dawa. Annet Negesa, mkimbiaji wa mita 800 wa Uganda, alizuiwa kushiriki Olimpiki ya London 2012 kwa sababu ya vipimo vya homoni. Mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji, na mwaka 2019 akasimulia hadharani jinsi ulivyomharibia afya na riadha yake. Michezo ina mjadala wake mgumu, kwa sababu kuna haki ya washindani wenzake. Barabarani hakuna medali. Hata hivyo, utetezi wetu wa nanomoli unamwacha nje mwanamke kama yeye: ukisema binti ana haki ya kunyanyua kwa kuwa hatafanana na mwanaume, huna la kumwambia anayefananishwa naye tayari.

Agosti 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alisema kwamba baadhi ya wanasoka wetu wa kike wana vifua bapa hata mtu aweza kudhani ni wanaume, na kwamba kwa mwonekano huo ndoa kwao ni kama ndoto. Alikuwa akizungumzia maisha yao baada ya soka, na hofu hiyo ina msingi, kwani miguu ikichoka kipato hukatika. Lakini tiba ya kipato ni mkataba mzuri na akiba. Kifua kimeingiaje hapo?

Mzee mmoja angenijibu kwamba mwili wa binti si wake peke yake: kuna wazazi, kuna ukoo, kuna watoto watakaozaliwa. Sipuuzi hoja hiyo. Hata mimi sikujilea. Ila kama ukoo unaujali mwili huo, ungeanza na ndoo, inayokandamiza shingo kila siku, bila mapumziko na bila kuuliza kama jana ililala na maumivu. Chuma angalau huongezwa kidogo kidogo, na huwekwa chini mwenyewe akichoka.

Kati ya mizigo hii miwili, ule mzito zaidi ndio usiotusumbua. Maji ya ndoo tutayanywa sote. Nguvu itokanayo na chuma inabaki kwake, na bado hatujazoea kumwona mwanamke akiwa na nguvu ambayo hakuna aliyemtuma nayo.