SADAKA YA MAJI NA AMANA YA KISIMA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ninawausia na ninaiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu.

Kabla ya kuingia humu msikitini umetawadha. Jiulize, ndugu yangu: maji yale ni nani aliyeyabeba? Mara nyingi ni mama au binti mwenye bidoni ya litre 20. Na je, yanafaa kunywa? Wachunguzi walifuata hesabu za wagonjwa wa kipindupindu mjini Uvira, tangu mwaka 2009 mpaka 2014. Waliona ya kuwa robine zikikosa maji siku nzima, wagonjwa wanaolazwa huzidi mara mbili na zaidi katika siku 12 zinazofuata. Basi mwenye kuwaletea watu maji safi anaokoa roho za watu.

Saad bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mama yake, alimwuliza Mtume (s.a.w.) ni sadaka gani iliyo bora. Akaambiwa: maji. Akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Na Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma kule Madina, akakiacha kiwe cha wote. Sikiliza sharti lake: ndoo ya mwenye kutoa ilikuwa sawa na ndoo za wengine. Hakupata nafasi ya mbele kwa sababu ya mali yake.

Wengine wanauliza: je, nichimbe kisima kwa Zaka? Zaka ina watu wake wanane, waliotajwa katika Suratut-Tawba, na wanazuoni wengi wanasema lazima iwafikie hao mikononi mwao. Kisima kitoe katika sadaka au uwakfu. Usilipe deni la maskini kwa kumchimbia tajiri na maskini kisima kimoja.

Ndugu zetu wa Kuwait, Uturuki, Uingereza na kwingine wanatoa misaada ya visima katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini sisi tunaopokea tumebeba amana. Thawabu ya kisima inaendelea maji yanapoendelea kutoka. Pampu ya mkono ina rabari ndani yake, na rabari zinalika kwa kazi ya kila siku. Zisipobadilishwa, maji yanakatika, na mama zetu wanarudi mtoni. Je, mfadhili aliye mbali avuke bahari kuja kununua rabari? Hilo ni letu.

Kwa hiyo, mahali penye kisima cha msaada, tushike mambo manne:

1. Iwepo komite ya watu waaminifu, na akina mama wawemo, maana wao ndio wachotaji.

2. Kila nyumba itoe franga kidogo kila mwezi kwa matengenezo. Fukara asiye na kitu asizuiwe kuchota.

3. Hesabu ya fedha, zilizotoka nje na zilizotoka kwetu, isomwe mbele ya watu wote. Mwenye kula fedha ya maji amekula kiu ya yatima.

4. Choo kiwe mbali na kisima, metre 30 au zaidi.

Tena, kisima kilicho katika uwanja wa msikiti kisifungiwe majirani. Mkristo wa jirani ana kiu kama wewe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa watu wote ni washirika katika maji, na ametuonya vikali juu ya mwenye maji ya ziada anayemnyima msafiri. Ikiwa mtu alisamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, itakuwaje kwa mwenye kumnywesha mwanadamu?

Usiseme: mimi ni maskini, nangoja wafadhili. Aliye na franga atoe franga, fundi atoe mkono wake, kijana atoe nguvu zake kuchimba mtaro.

Ee Mola wetu, tupe maji safi, utuepushe na maradhi, uwalipe waliotoa, na utufanye waaminifu katika tulichopewa. Amin.